Je, Windows XP ikikaa ndani ya mashine pepe inakuwa salama?

Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Nina kompyuta ya mwaka 2006 inayotumia Windows XP. Ndani yake kuna programu ya hesabu na stoo tuliyoitumia kwa miaka 11. Kampuni iliyoitengeneza ilishafungwa, na CD yake ya kusakinishia hatuioni. Siku hizi diski imeanza kutoa mlio wa tik-tik na mashine inaganda kila mara. Nimesikia naweza kuihamishia XP kwenye kompyuta yangu mpya ya Windows 11 kwa kutumia VirtualBox, programu ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta halisi. Rafiki yangu anasema mashine pepe ni kama sanduku, kirusi kikiingia humo hakitoki, kwa hiyo naweza hata kuiachia intaneti. Ni kweli? Na nianze na nini?"

Jibu:

Anza kwa kuizima hiyo kompyuta, na usiiwashe tena hata kwa "kuangalia kidogo". Suala la sanduku nitalijibu kwa kirefu, maana ndilo linalowaponza wengi, lakini diski inayogonga haina subira. Mlio huo mara nyingi ni wa kichwa cha kusomea kinachoshindwa kusoma mahali fulani, kinarudi mwanzo, kinajaribu tena. Kila unapoiwasha XP, inasoma na kuandika huku na kule kwenye diski hata kabla hujagusa kipanya. Uhai uliobaki kwenye diski hiyo uutumie kwa kazi moja tu: kuinakili yote, sekta ya kwanza hadi ya mwisho.

Itoe diski kwenye kompyuta yake. Kwa umri huo inaweza kuwa ya IDE, yenye utepe mpana wa waya, au ya SATA, yenye waya mwembamba. Iangalie kwanza ndipo utafute adapta ya USB inayolingana nayo. Ichomeke kwenye kompyuta nyingine iliyowashwa kwa flashi ya Linux, kisha tumia programu inayoitwa ddrescue. Nasisitiza hii badala ya kunakili folda kwa kuburuta kwa kipanya, kwa sababu ddrescue ina busara ya fundi mzoefu: inachukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, inaziruka zenye matatizo, halafu inazirudia mwishoni. Amri yenyewe ni fupi:

ddrescue -d /dev/sdb diski.img diski.map

Hapo /dev/sdb ni diski ya zamani, diski.img ni nakala itakayozaliwa, na diski.map ni daftari la kazi. Daftari hilo ni la thamani sana. Umeme ukikatika au ukitaka kuipumzisha diski ipoe, unarudia amri ile ile baadaye na kazi inaendelea ilipoishia. Kabla ya kubonyeza Enter, andika lsblk uone orodha ya diski na ulinganishe ukubwa, maana jina sdb kwako linaweza kuwa sdc. Nakala itakuwa na ukubwa wa diski nzima hata kama nusu yake ni tupu, kwa hiyo andaa nafasi. Inaweza kuchukua usiku kucha. Iache ifanye kazi yake.

Nakala ikikamilika, ifanye faili hiyo isomwe tu, isiandikwe, na uiweke mahali pawili. Kuanzia hapo utahangaika na nakala ya nakala, kwa hiyo ukiharibu unaanza upya bila hasara.

Sasa tuje kwenye sanduku.

Rafiki yako amekuambia nusu ya ukweli, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye hatari. Katika fani hii kompyuta yako halisi huitwa mwenyeji, na mfumo unaouendesha ndani yake huitwa mgeni. Mgeni anadhani ana kompyuta yake mwenyewe. Diski anayoiona ni faili tu kwenye diski yako, kadi ya mtandao anayoiona ni programu inayojifanya kadi, na kumbukumbu anayoitumia ni kipande ulichomkatia. Prosesa zenyewe zinasaidia kulinda mpaka huo. Intel walianza kuweka uwezo wa aina hiyo kwenye prosesa zao za kompyuta ndogo mwaka 2005, na AMD wakafuata mwaka 2006. Ni ukuta imara, na sina sababu ya kukutisha kuhusu ukuta.

Hata hivyo uliwahi kupatikana na ufa. Mei 2015 ulitangazwa udhaifu uliopewa jina VENOM. Ulikuwa kwenye msimbo wa QEMU, programu nyingine ya mashine pepe, unaoigiza kidhibiti cha diski laini, zile disketi za zamani, na ulikuwa umekaa humo tangu mwaka 2004 bila mtu kuuona. VirtualBox nayo iliguswa, kwa sababu ilitumia msimbo wenye asili hiyo hiyo. Mtu aliyeshika hatamu ndani ya mgeni angeweza kupitia kifaa hicho cha kuigiza hadi kwa mwenyeji. Fikiria hilo: kifaa ambacho karibu hakuna anayekitumia tena ndicho kilichoacha upenyo. Ulizibwa haraka, na funzo lake kwako ni la vitendo: VirtualBox yenyewe isasishe kila toleo jipya linapotoka, na kwenye mipangilio ya mashine pepe ondoa kila kifaa ambacho programu yako haikihitaji. Disketi, sauti, USB, vyote hivyo vitoe kama havina kazi.

Lakini katika miaka yangu yote ya kazi hii sijawahi kukutana na ofisi iliyodhurika kwa ufa wa ukuta. Nimekutana na zilizodhurika kupitia milango, na milango hufunguliwa na mwenye nyumba mwenyewe.

Kwanza elewa hali ya mgeni wako. Microsoft waliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014. Kuihamishia kwenye mashine pepe hakuzibi tundu hata moja. XP iliyo ndani ya VirtualBox ina udhaifu ule ule iliokuwa nao kwenye bati lake la 2006. Mei 2017, programu hasidi ya WannaCry ilipoenea duniani kupitia huduma ya Windows ya kushirikiana mafaili, Microsoft walilazimika kutoa kiraka cha XP miaka 3 baada ya kuifunga. Mei 2019 wakafanya hivyo tena kwa udhaifu wa huduma ya kuingia kwenye kompyuta kwa mbali. Hizo zilikuwa rehema za dharura, si huduma. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu anakuja akiwa mgonjwa, na mwenyeji ndiye wa kukingwa.

Mlango mkubwa ni mtandao. Unapounda mashine pepe mpya, VirtualBox humpa mgeni mtandao wa aina ya NAT, yaani mgeni anapita kwa anwani ya mwenyeji, bila kukuuliza. Watu husoma kwamba NAT inamficha mgeni, wakaridhika. Ni kweli kwamba mtu wa nje hawezi kumfikia kirahisi. Lakini yeye anaweza kutoka, na akitoka haendi intaneti peke yake. Ukitaka kuliona kwa macho, fungua dirisha la amri ndani ya XP uandike ipconfig. Utaona amepewa anwani 10.0.2.15, na lango lake ni 10.0.2.2. Ukiitazama namba hiyo utadhani yuko kwenye mtandao wa peke yake, mbali na vyote ulivyo navyo. Sasa fungua Internet Explorer humo humo ndani ya XP na uandike anwani ya ruta yako, ile unayoitumia kubadilisha nenosiri la Wi-Fi. Kwa ruta nyingi, ukurasa wa kuingilia utatokea mbele yako. Ikiwa wewe umefika kwenye ruta ukiwa ndani ya XP, kirusi kilichomo ndani ya XP nacho kinafika, na kutoka hapo kinaifikia printa, kompyuta ya mwenzako na diski ya mtandaoni ya ofisi. Mtandao wa aina ya daraja ni mbaya zaidi, kwa sababu unamweka mgeni mezani pamoja na wengine wote, anaonekana na anaona.

Kwa hiyo jibu la swali lako la intaneti ni hapana. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao ya mashine hiyo na uondoe alama ya kuwezesha kadi. Usiishie kuizima ndani ya XP, kwa sababu kilichozimwa na XP kinaweza kuwashwa na XP. Itoe nje, kwenye VirtualBox, ili mgeni asione kadi kabisa. Wala hukosi kitu kikubwa. Toleo la mwisho la Internet Explorer kwa XP lilikuwa la 8, na tovuti nyingi za leo zinadai njia za usimbaji ambazo toleo hilo halizijui. Utapata kurasa za makosa tu. Kutafuta vitu intanetini ni kazi ya mwenyeji.

Kama programu yako ilikuwa na kompyuta mbili zinazozungumza, moja seva na nyingine ya kuingizia data, VirtualBox ina mtandao wa ndani unaounganisha mashine pepe na mashine pepe nyingine, bila kumgusa mwenyeji wala ruta. Huo unafaa.

Mlango wa pili ni folda ya pamoja, na huu ndio nilioona ukileta kilio. Niliwahi kuitwa na ofisi moja iliyokuwa na XP ndani ya mashine pepe, imewekwa vizuri tu, intaneti imekatwa. Aliyeipanga alitaka kurahisisha kazi, akaifanya folda nzima ya nyaraka za mwenyeji iwe ya pamoja, na ruhusa ya kuandika. Ndani ya XP ilionekana kama diski E. Siku moja mtu akachomeka flashi na kuipitisha moja kwa moja kwa mgeni. Kilichokuwa kwenye flashi kilianza kusimba mafaili ya diski C, yaani kuyafunga kwa msimbo yasisomeke, kikamaliza, kikahamia E. Programu ya kukinga virusi kwenye mwenyeji ilikuwa mpya na inafanya kazi, lakini kwa upande wake ilichokiona ni VirtualBox ikiandika kwenye mafaili, na VirtualBox ni programu inayoaminika. Haikusema neno. Nilipofika, nyaraka za miaka zilikuwa hazifunguki, na nakala rudufu ya mwisho ilikuwa ya miezi 7 nyuma.

Ukihitaji kumpa mgeni faili, tengeneza folda tupu kwa kazi hiyo tu, iweke kwenye hali ya kusomwa tu, na uiondoe ukimaliza. Ukihitaji kutoa faili kutoka kwa mgeni, kuna njia ninayoipenda zaidi: unda diski pepe ndogo ya pili yenye muundo wa VHD, GB 1 inatosha, uiunganishe na XP na kuiformati kwa NTFS, mpangilio wa mafaili ambao Windows hizo zote mbili zinausoma. Mgeni anaweka humo anachotaka kutoa. Unamzima mgeni, unaichomoa diski hiyo kwenye mipangilio, kisha unaibonyeza mara mbili kwenye Windows 11, ambayo huifungua kama diski ya kawaida. Hapo kinga yako ya virusi inaikagua kwanza ndipo unakili. Inachelewesha kwa dakika mbili tatu. Zikubali dakika hizo.

Utakutana pia na ushauri kwamba uiwashe SMB 1 kwenye Windows 11 ili XP iweze kuona folda za mtandao. Usifanye hivyo. Hiyo ndiyo huduma kongwe WannaCry iliyopitia, na ukiiwasha unamrudisha mwenyeji nyuma miaka 20 kwa ajili ya starehe ya mgeni.

Ubao wa kunakili wa pamoja na kuburuta mafaili kati ya madirisha mawili, viache vimezimwa. USB ya kupitisha moja kwa moja vilevile, isipokuwa kama programu yako ilikuwa inadai kile kidude cha leseni kinachochomekwa nyuma ya kompyuta. Kama ni cha USB, mpitishie mgeni hicho peke yake. Kama ni cha tundu pana la printa za zamani, jiandae kwa shida: adapta nyingi za USB kwenda tundu hilo zinaelewa printa tu na hazikipi kidude kile njia ya kuzungumza na programu. Kwa hali hiyo kutoa data, nitakakoeleza mbele, kunakuwa njia yako kuu.

Baada ya hayo, tuiwashe XP yenyewe. Geuza nakala iwe diski ya VirtualBox:

VBoxManage convertfromraw diski.img diski.vdi

Unda mashine mpya, chagua aina ya Windows XP ya biti 32, na uiunganishe na diski.vdi. Usimlishe mgeni kupita kiasi. XP ilitoka mwaka 2001 ikishauri RAM ya MB 128. Ukiipa MB 1024 na prosesa moja itakimbia kuliko ilivyowahi kukimbia maishani mwake. Kipengele kimoja ndicho cha kuangalia sana: diski iunganishe kwenye kidhibiti cha IDE, usiiweke kwenye SATA. XP haikuzaliwa na draiva (programu ya kuendeshea kifaa) ya SATA ya hali ya AHCI, na ukiiweka huko haitawaka.

Hata ukiiweka IDE, kuna uwezekano mkubwa wa kukutana na skrini ya bluu ikiwaka na kupotea kabla hujaisoma. Bonyeza F8 mara mgeni anapoanza kuwaka, chagua mstari unaozuia kujiwasha upya baada ya hitilafu, na sasa skrini itatulia. Tafuta namba baada ya neno STOP. Ikiwa ni 0x0000007B, XP inakuambia imeamka na haikioni kidhibiti cha diski ilichokizoea. Imelala kwenye bati moja ikaamka kwenye jingine. Diski nzima ipo salama, kinachokosekana ni draiva.

Kwa diski nzima yenye afya ningekushauri urudi kwenye kompyuta ya zamani na kubadilisha draiva ya kidhibiti iwe ile ya kawaida ya IDE ya Microsoft, kisha unakili upya. Kwako njia hiyo imefungwa kwa sababu ya ule mlio. Tumia CD ya Windows XP ya aina ile ile iliyosakinishwa, Home kwa Home, Professional kwa Professional. Mwashe mgeni kwa CD hiyo. Kwenye skrini ya kwanza usibonyeze R, maana hiyo inakupeleka kwenye dirisha la amri za uokoaji. Bonyeza Enter, kubali masharti kwa F8, na CD itaikuta Windows iliyopo. Hapo ndipo unabonyeza R. Inasakinisha upya mfumo juu ya ule wa zamani, inatambua vifaa vipya, na inaacha programu yako na data yake mahali pake. Fanya hivi kwenye diski.vdi tu, ile diski.img isiguswe.

Mambo mawili madogo yatakayokusumbua usipoyajua. Kipanya kikinaswa ndani ya dirisha la mgeni, Ctrl ya kulia hukitoa. Na ukiona chini ya dirisha picha ndogo ya kobe wa kijani, maana yake Windows 11 imeishika huduma ya mashine pepe kwa ajili ya Hyper-V, mfumo wa mashine pepe wa Microsoft wenyewe, au kinga zake za ndani, na VirtualBox inapita njia ndefu. Kwa XP na programu ya stoo, mwendo wa kobe unatosha kabisa. Nisingezima kinga za mwenyeji ili kumpa mgeni kasi asiyoihitaji.

Kuhusu leseni: XP ikijiona kwenye vifaa vipya inaweza kudai iamilishwe upya, na leseni nyingi zilizokuja na kompyuta zimefungwa kwa kompyuta ile ile. Soma masharti ya yako. Na tafadhali usipakue XP iliyokwisha kuandaliwa na mtu usiyemjua. Huna njia ya kujua alichokiacha ndani.

Ningependa sasa nikushawishi kuhusu jambo ambalo hukuuliza. Unaniandikia kana kwamba XP ndani ya VirtualBox ndiyo mwisho wa safari. Mimi naiona kama kituo cha kubadilishia gari. IBM walipotoa VM/370, mfumo wao wa mashine pepe kwa kompyuta kubwa, mwaka 1972, moja ya kazi zake kwa wateja ilikuwa hiyo hiyo: kuendesha mfumo wa zamani na mpya kwenye mashine moja wakati wa kuhama. Mashine pepe imekununulia muda. Muda huo utumie kuitoa data yako kwenye programu ambayo hakuna tena mtu wa kuirekebisha.

Na huenda huhitaji hata kuiwasha XP ili uanze. Fungua diski.vdi au diski.img kwa 7-Zip kwenye Windows 11; inaweza kuingia ndani ya sehemu ya NTFS na kukuonyesha folda kama zilivyo. Nenda kwenye folda ya programu yako uangalie viishio vya mafaili. Ukiona mafaili yanayoishia na .dbf, furahi. Huo ni muundo wa familia ya dBase na FoxPro, na LibreOffice Calc huyafungua kama jedwali la kawaida: safu moja ya jina la bidhaa, nyingine ya idadi, nyingine ya tarehe. Maneno yakitokea na herufi za ajabu, funga na ufungue tena ukichagua usimbaji mwingine wa herufi, hadi yasomeke. Ukiona .mdb, ni Access, nayo ina njia nyingi za kufunguliwa. Ukiona viishio usivyovijua, usikate tamaa, rudi kwa mgeni.

Ndani ya XP angalia kama programu ina amri ya kutoa data kwa CSV (jedwali la maandishi lililotenganishwa kwa mikato) au maandishi. Kama haina, karibu kila programu ya hesabu ya wakati ule ilijua kuchapisha ripoti, na hapo kuna ujanja ninaoutumia mara kwa mara. XP huja na draiva ya printa ya maandishi matupu. Kwenye orodha ya watengenezaji imewekwa chini ya Generic. Iongeze kama printa mpya, na kwenye swali la poti chagua FILE. Sasa kila ripoti unayoichapisha haiendi kwenye karatasi. XP inakuuliza jina la faili na kuiandika kama maandishi yaliyopangwa kwa safu. Chapisha daftari kuu, orodha ya stoo, madeni ya wateja, mwaka baada ya mwaka. Safu hizo zinaingia kwenye jedwali la kisasa kwa kukata kwa upana uliopangwa. Ni kazi ya mikono, lakini miaka 11 ya kumbukumbu inastahili wikendi moja au mbili.

Ukishazitoa, usiamini macho. Chukua mwezi mmoja wa zamani, mmoja wa katikati na mmoja wa mwisho, piga jumla kwenye jedwali jipya, na ulinganishe na jumla inayoonyeshwa na programu ndani ya XP. Zikipishana hata kwa senti, tafuta mstari uliopotea. Mara nyingi ni ule uliokatikia kwenye mwisho wa ukurasa wa ripoti.

Kuna wasomaji wengine wenye Windows 95 au 98 watakaosoma jibu hili, kwa hiyo niseme kwa ufupi. Kwenu VirtualBox ina miiba zaidi. Windows 95 isiyo na kiraka hukwama inapowaka kwenye prosesa inayozidi GHz 2.1, kwa sababu kitanzi chake cha kupimia muda huisha upesi mno. Windows 98 hubabaika ikipewa RAM inayozidi MB 512. VirtualBox haina draiva zake rasmi kwa mifumo hiyo. Emuleta kama 86Box, inayoigiza kompyuta nzima ya enzi hizo pamoja na mwendo wake wa polepole, itawasumbua kidogo zaidi mwanzoni na kuwapa amani baadaye. Na wenye kompyuta za Mac za prosesa ya M1 na zilizofuata, prosesa yenu haizungumzi lugha ya XP, kwa hiyo mnahitaji emuleta. UTM hutumia QEMU kwa kazi hiyo, na itaenda taratibu.

Kwako wewe limebaki suala la nakala. VirtualBox inakuwezesha kupiga picha ya hali ya mashine ili uweze kurudi nyuma, na ni nzuri kabla ya kujaribu jambo. Lakini picha hiyo siyo nakala rudufu. Inahifadhi tofauti tu kati ya jana na leo, na bila ile diski ya msingi haina maana. Faili moja ikiharibika zote zinakwenda. Nakala rudufu ni hii: mzime mgeni kwa kumfunga kawaida kutoka ndani, si kwa kumlaza akiwa nusu ya kazi, kisha nakili folda yake yote kwenye diski ya nje na uichomoe. Hali ya kulazwa inaweza kukataa kufunguka VirtualBox ikipanda toleo, ila mgeni aliyezimwa vizuri huna wasiwasi naye. Halafu ichukue nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine uiwashe, ili ujue kwa hakika kwamba inawaka.

Diski ya zamani usiitupe. Iweke kwenye mfuko wa kukinga umeme tuli, andika juu yake tarehe ya kunakiliwa na jina la faili ya nakala. Na ukikwama kwenye skrini ya bluu, niandikie namba zote zinazoanza na 0x kama zilivyo, pamoja na aina ya kidhibiti ulichochagua, tutaendelea kutoka hapo.